Chumvi Hutangulia Baridi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na jiolojia, na kwa mafundi wa migodi na wa maji, jijini Mwanza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeongeza hesabu mbili tatu ambazo ubaoni zilifutwa kabla watu hawajamaliza kunakili.

Mwangaluka!

Ahsanteni. Walimu wangu mlioko mstari wa mbele, shikamooni. Wanafunzi, na ninyi mafundi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila kulala, karibuni sana.

Leo alfajiri, nyumbani kwa dada yangu Nyegezi, nilichemsha maji ya chai, na yalipokuwa yanatokota nikachovya kipimajoto. Kilisoma nyuzi 96. Kipimajoto ni kizima. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa inayotukandamiza hapa ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji yetu yanachemka mapema. Ukienda chini ya ardhi mambo yanageuka: kwa kina cha kilomita moja maji yanaweza kufika nyuzi 260 na bado yakawa maji, kwa sababu presha ya yaliyo juu yake inayazuia kugeuka mvuke. Joto na presha, hivyo viwili ndivyo tunavyofundishwa kwanza tunapoingia kwenye kazi ya jotoardhi, yaani kuvuna joto la chini ya ardhi, na ndivyo wengi wetu tunavyoishia navyo. Nimekuja kuwaomba msiishie hapo.

Najua swali lililomo vichwani mwenu. Mwanza na jotoardhi wapi na wapi? Mawe tunayoyakalia, kuanzia Bismarck hadi vilima vya Bugando, ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ni mwamba wa kale, mnene, uliopoa siku nyingi. Sitawadanganya kwamba kuna mvuke wa kuendesha mitambo chini ya Capri Point. Lakini tazameni pembeni kidogo. Mkoa wa Mara, wilayani Serengeti, kuna kata inaitwa Majimoto, na jina hilo halikutungwa na mtu wa ramani. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya, kwenye vilima vya Homa, maji ya moto yanatoka karibu kabisa na ufuko. Na hapa ukumbini wamo vijana watakaoajiriwa Mbeya, Naivasha na kwingineko kutengeneza modeli za mahodhi ya jotoardhi. Ninyi ndio niliowafuata.

Hodhi la jotoardhi ni mwamba wenye nyufa, uliojaa maji ya moto, unaopashwa kutoka chini na mara nyingi umefunikwa juu na tabaka la udongo wa mfinyanzi lisilopitisha maji kwa urahisi. Modeli yake katika kompyuta ni kazi ya kukatakata. Mnajua sabuni ya mche inavyokatwa dukani. Nasi tunaukata mwamba wote hivyo hivyo, kilomita kadhaa kwenda chini na kilomita kadhaa kila upande, vipande maelfu. Kila kipande kinapewa presha yake, joto lake, na upenyevu wake, yaani urahisi wa maji kupita ndani yake. Programu inahesabu kiasi gani cha maji na cha joto kinatoka kipande hiki kwenda kile, hatua kwa hatua, na kuhakikisha hakuna kilichopotea njiani. Kwanza tunaiacha iende miaka elfu nyingi mpaka itulie: hiyo tunaiita hali ya asili, hodhi kabla halijaguswa. Kisha tunafungua visima, tunatoa mvuke, na kuona kama modeli inafuata yale yaliyopimwa visimani.

Programu iliyofundisha kizazi changu inaitwa TOUGH2. Ilitoka mwaka 1991 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California. Ukiifungua, jambo la mapema kabisa inalokuuliza ni hili: kimiminika chako ni nini? Unaweza kujibu maji matupu. Unaweza kujibu maji na hewa ya ukaa. Unaweza kujibu maji, chumvi na gesi kwa pamoja. Wanafunzi karibu wote huchagua maji matupu, kwa sababu hesabu inakimbia na haigomi. Sioni ubaya wa kuanzia hapo. Ubaya ni kuandika ripoti ya mwisho, ya kumshauri mtu atumie mabilioni ya shilingi, ungali hapo hapo.

Sasa nifafanue kwa nini, na niombe uvumilivu wenu, maana hapa nitakaa.

Fikirieni mchuzi wa sato. Umeweka chumvi ikakolea vizuri. Ukauacha jikoni ukachemka bila mfuniko: maji yameondoka kama mvuke, chumvi imebaki, mchuzi umekuwa mkali. Mgeni akabisha hodi, ukaongeza kikombe cha maji baridi: mchuzi umepoa na umepwaya. Ukauacha dakika mbili jikoni, ukapata moto tena. Mtu anayekuja sasa akachovya kipimajoto hatajua kama uliongeza maji. Anayeonja atajua.

Kloridi ndiyo chumvi yetu. Ikishaingia ndani ya maji ya moto haipendi kutoka; haishiki kwenye mwamba, hairuki na mvuke. Kwa hiyo kiasi chake kinabadilika kwa njia chache tu: maji yamechemka, au yamechanganyika na maji mengine. Tuchukue hodhi la mfano, nyuzi 260, lenye kloridi miligramu 1,000 kwa kila kilo ya maji. Tunatoa maji hayo juu, presha inashuka, sehemu inageuka mvuke. Tukiacha yachemke mpaka nyuzi 100, karibu asilimia 32 ya uzito inakuwa mvuke. Kloridi yote inabaki kwenye asilimia 68, na inapanda kufika miligramu 1,465 hivi. Maji hayo hatuyamwagi mtoni. Tunayarudisha ardhini kwa kisima cha kurudishia, kwa sababu mbili nzuri: yana madini yasiyofaa kwa mashamba na mifugo, na hodhi linahitaji kulindwa presha yake.

Hapo ndipo kuna mtego. Maji yaliyorudishwa yamepoa. Yakipata ufa wa njia ya mkato kuelekea visima vya uzalishaji, yatakwenda kuvipoza. Je, utajua lini?

Ukitegemea kipimajoto utajua umechelewa. Maji yanapopita kwenye mwamba wa moto, mwamba unayagawia joto lake. Yanafika kisimani yakiwa yamepashwa upya, na kipimajoto kinasoma 260 kama jana. Mwamba ndio unaopoa, taratibu, kuanzia upande wa kisima cha kurudishia. Chumvi lakini haina wa kugawana naye. Inatembea na maji yenyewe, kwa mwendo wa maji. Chukueni mwamba ambao asilimia 10 ya ujazo wake ni vitundu na nyufa, maji yakienea humo sawasawa: ukihesabu joto linaloshikiliwa na mawe na lile la maji, mstari wa baridi unatembea kama mara saba polepole kuliko mstari wa chumvi. Chumvi hutangulia baridi. Katika ufa mmoja mkubwa uwiano huo unabadilika, kwa sababu eneo la mwamba linaloguswa na maji ni dogo, kwa hiyo msiondoke hapa mkizidisha kila kitu kwa saba. Lakini mpangilio haubadiliki, chumvi inafika kwanza.

Rudini kwenye mfano wetu. Mwaka wa pili wa uzalishaji, kisima fulani kinaonyesha, baada ya kuondoa athari ya kuchemka, kloridi 1,093 badala ya 1,000. Tofauti ni 93. Maji yanayorudishwa yana ziada ya 465. Gawanyeni: moja ya tano. Asilimia 20 ya maji ya kisima kile tayari ni maji tuliyoyarudisha wenyewe. Kama yasingepashwa njiani, mchanganyiko ungekuwa nyuzi 230 hivi. Kipimajoto kinasema 260. Mwamba unalipa tofauti hiyo kila siku, na akiba yake ina mwisho.

Sasa wekeni modeli mbili mezani. Ya kwanza inasema maji yaliyorudishwa yanapotelea kwenye ufa wa mbali, na presha ya hodhi inashikiliwa na maji mapya ya moto yanayopanda kutoka chini. Ya pili inasema presha inashikiliwa na maji yale yale tuliyorudisha, kwa njia fupi. Zote mbili zinalingana na presha iliyopimwa. Zote zinalingana na joto lililopimwa. Ukichora grafu, mistari inapita katikati ya nukta vizuri kabisa. Ya kwanza inashauri uongeze mtambo. Ya pili inashauri uhamishe kisima cha kurudishia upesi. Joto na presha haviwezi kukuamulia, vimeshasema vyote vinavyojua. Kloridi inaamua kwa jibu moja: modeli ya kwanza inatabiri 1,000 mwaka wa pili, ya pili inatabiri 1,093. Pima.

Jambo hili limetokea. Ufilipino, kisiwani Negros, hodhi la Palinpinon lilianza uzalishaji mkubwa mwaka 1983. Kloridi ilianza kupanda katika visima vya uzalishaji, na wanakemia wa pale wakatambua kuwa ni maji yao wenyewe yanayorudi. Uamuzi uliofuata ulikuwa kusogeza urudishaji mbali zaidi na visima vya mvuke. Kilichowapa muda wa kufanya hivyo ni watu waliokuwa wanajaza chupa mara kwa mara na kuandika namba kwenye kitabu. Nawaheshimu sana watu wale.

Wakati wa mapumziko fundi mmoja kutoka upande wa Geita alinishika mkono akaniuliza: mkuu, kama kipimajoto bado kinasoma 260, nitamwambiaje bosi wangu ahamishe kisima kwa sababu ya chumvi? Swali lake ni zuri kuliko nusu ya hotuba yangu. Nilimjibu hivi: usimpelekee chumvi, mpelekee modeli iliyokwisha kulinganishwa na chumvi. Bosi hawezi kuamua kwa miligramu. Ataamua ukimwonyesha kuwa modeli inayofuata presha, joto na kloridi kwa pamoja inatabiri kisima kuanza kupoa baada ya miaka kadhaa, na ile isiyofuata kloridi imeshakosea mwaka wa pili. Hiyo ndiyo kazi ya kemia ndani ya modeli. Ikiwekwa kwenye sura yake peke yake mwishoni mwa ripoti, kama ilivyo desturi ya ofisi nyingi, inasomwa na mwanakemia mwenzako tu.

Niende kwenye gesi.

Karibu kila hodhi lina hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini. Mtu anayetumia maji matupu katika modeli anaiacha kwa kuona ni kidogo, chini ya asilimia moja kwa uzito. Tuhesabu. Maji ya nyuzi 260 yanaanza kuchemka presha ikishuka kufika baa 47, baa ikiwa ni kipimo cha presha. Sasa yaongezeeni gesi yenye presha yake ya baa 10, kiasi ambacho bado ni chini ya asilimia moja kwa uzito. Yataanza kuchemka kwenye baa 57. Kumi tu, mtasema. Lakini baa 10 ndani ya maji ya moto namna hiyo ni kama mita 130 za kina. Modeli ya maji matupu imeweka mwanzo wa mchemko mita 130 juu ya pale ulipo kweli. Sehemu ya kisima unayodhani imejaa maji imejaa mchanganyiko wa maji na mvuke. Presha itashuka tofauti, nguvu ya kisima itashuka tofauti, na hata umbo la wingu la mvuke chini ya tabaka la juu litakuwa si lile.

Nyuzilandi walilazimika kulijua hili mapema. Hodhi lao la Ohaaki, ambalo mtambo wake ulifunguliwa mwaka 1989, lina gesi nyingi, na waliolitengenezea modeli walianza kubeba hewa ya ukaa ndani ya hesabu zao miaka mingi kabla ya mtambo kuwashwa. Wangeiacha, presha za mwanzo za visima zisingeeleweka.

Gesi ikitoka majini inaacha jambo jingine nyuma. Aliyewahi kuishi Dodoma anajua birika linavyoota ukoko mweupe. Sisi wa ziwani hatuna shida hiyo sana, maji yetu ni laini. Ukoko ule kwa kiasi kikubwa ni chokaa: maji yakipashwa moto gesi inaondoka, uchachu unapungua, chokaa haiwezi tena kukaa ikiwa imeyeyuka. Kisima cha jotoardhi ni birika la namna hiyo lenye urefu wa kilomita mbili. Chokaa inaganda pale pale maji yanapoanza kuchemka, ndani ya bomba, na inaweza kulibana mpaka kisima kikakohoa. Modeli iliyokuonyesha kwa usahihi mahali mchemko unapoanzia imekuonyesha pia mahali pa kupeleka dawa ya kuzuia ukoko. Isiyojua gesi itakutuma mita 130 juu ya pale.

Silika, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, nitaipitia haraka, ingawa inapendwa sana. Kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo yanavyoyeyusha silika nyingi ya mwamba, na yakipanda upesi huenda nayo juu kabla haijapata nafasi ya kuganda. Hivyo chemchemi yenye silika miligramu 300 kwa kilo, kwa kanuni ya madini ya kwatzi, inasema ilitoka kwenye nyuzi 209 hivi. Nzuri. Lakini kama nusu ya maji ya chemchemi ile ni maji baridi ya kijito yenye silika 20, basi maji ya asili yalikuwa na 580, na joto lake linaruka kuwa nyuzi 266. Chupa ni ile ile, namba ni ile ile, na majibu mawili yamepishana kwa nyuzi 57. Ndiyo maana unatazama pia uwiano wa sodiamu na potasiamu, ambao haubadiliki sana kwa kuongezewa maji yasiyo na chumvi, na magnesiamu, ambayo huonyesha maji yaliyokaa sehemu za juu zilizopoa. Nami siafiki kabisa tabia ya kuchukua joto la kipimajoto cha kemia, yaani lililokisiwa hivi kutokana na madini yaliyomo majini, na kulipigilia ndani ya modeli kama msumari, kana kwamba mtu ameshuka na kulipima. Namba ile inakuambia joto la mahali ambapo maji na mwamba walipatana mara ya mwisho. Haikuambii mahali hapo ni wapi. Iache modeli ibebe silika yenyewe kutoka chini hadi chemchemini, ichanganye, ichemshe, kisha utazame kama inatoa 300.

Je, tufanye modeli ya kila kitu, kila madini, kila mmenyuko kati ya maji na mwamba? Programu zipo. TOUGHREACT inafanya hivyo, na ni kazi kubwa ya watu hodari. Maoni yangu ni kwamba usianze nayo. Kasi ya mmenyuko inategemea eneo la madini linaloguswa na maji, na eneo hilo hakuna aliyeliona. Makadirio yake yanapishana kwa mara kumi, mara mia. Anza na kile kisichogusana na mwamba, kloridi. Ongeza gesi. Mmenyuko kamili ulete pale unapokuwa na swali lake maalumu, kwa mfano nyufa zinazozunguka kisima cha kurudishia zitaziba baada ya muda gani. Hilo swali ni halali kabisa: maji ya nyuzi 250 yenye silika 500, yakichemshwa mpaka nyuzi 100, yanabaki na 700 na zaidi, ilhali katika joto hilo yana uwezo wa kushika takriban 364. Zilizobaki lazima ziende mahali.

Sasa nije nyumbani, Mbeya. Kuna Ziwa Ngozi ndani ya kreta, na kuna chemchemi za Songwe, upande wa magharibi, zinazotoka zikiwa na moto wa zaidi ya nyuzi 80 na zilizoacha mlima wa mawe ya chokaa kwa miaka mingi ya kububujika. Wapo wataalamu waliosema Songwe ni mtiririko wa pembeni wa hodhi lililo chini ya Ngozi: moto uko kule, maji yanasafiri hadi huku. Wapo waliosema hapana, Songwe ina mfumo wake wenyewe, unaopashwa na kina cha nyufa za bonde la ufa bila kuhitaji volkano. Wote wamesoma. Na angalieni jinsi hoja hii inavyogusa modeli kabla hata ya kompyuta kuwashwa: ukikubali ya kwanza, unakata sabuni moja ndefu inayobeba maeneo yote mawili, na kisima kikichimbwa Ngozi modeli itauliza Songwe itakuwaje. Ukikubali ya pili unakata sabuni mbili. Joto la chemchemi haliwezi kuamua, kwa sababu njia zote mbili zinatoa maji ya nyuzi 80. Uwiano wa kloridi na bikaboneti, gesi adimu kama heli, isotopu za oksijeni na haidrojeni, yaani atomu zake nyepesi na nzito, hivyo ndivyo vyenye la kusema. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, iliyoanzishwa mwaka 2013, ina kazi ya kufikisha maeneo haya kwenye uzalishaji, na atakayewasaidia zaidi kati yenu ni yule atakayezijengea hoja zote mbili modeli, kisha aiambie kemia izitofautishe.

Kuhusu isotopu, nyie watu wa ziwani mna urithi wa pekee wa kuzielewa. Jua linapovuta maji ya ziwa, maji mepesi yanaruka kwanza, mazito yanabaki. Ndiyo maana maji ya Victoria, ambayo sehemu kubwa yake huingia kwa mvua na kuondoka kwa jua, yana alama tofauti na mvua iliyoyaleta. Ziwa Naivasha nalo hivyo hivyo. Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi, lakini maji yake si ya chumvi, yanavuja chini. Wanajiokemia walifuata alama ile ya maji yaliyochomwa na jua, wakaikuta chini ya ardhi kusini mwa ziwa, upande wa Olkaria, mahali ambapo mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Mtengeneza modeli anayejua hilo anaweka mlango wa maji upande wa ziwa. Asiyejua anauziba, kisha anahangaika mwezi mzima kubadilisha upenyevu ili presha ikubali.

Yote haya yanasimama au yanaanguka juu ya chupa. Nina kosa langu la zamani nataka mlijue, maana liliniuma na bado linaniuma. Nilikuwa kijana, nimetumwa kuchukua sampuli kwenye visima mfululizo, katika uwanja ambao sitautaja. Nilisafisha chupa, nilichuja, nilitia asidi kwenye chupa ya metali, nilichanganya ya silika na maji safi ili isigande njiani. Sikuandika presha ya kitenganishi cha mvuke. Baadhi ya siku nilichukua kwenye kitenganishi, kwenye baa 10. Baadhi, kwa kuwa vali ilikuwa ngumu, nikachukua maji yanayomwagika wazi. Mnakumbuka hodhi letu la miligramu 1,000? Kwenye baa 10 linasoma 1,227. Wazi, 1,465. Hodhi moja, siku moja. Grafu yangu ilionyesha kloridi ikipanda na kushuka, na mtu wa modeli alikesha akijaribu kuufanya mwamba ueleze kitu ambacho hakikutokea mwambani. Nusu mwaka wa kazi ya kisima kile haukuwa na thamani tena, na miezi ile haiwezi kuchimbwa upya.  Kemia ya hodhi kabla halijaguswa unaipata mara moja tu.

Mwisho kuhusu vifaa, kwa kuwa naona wanafunzi wanajiuliza watoe wapi pesa. PHREEQC, ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, ni bure. Itakufundisha maji yako yameshiba madini gani. Waiwera, ya Chuo Kikuu cha Auckland na wenzao, ni bure pia. Inabeba maji, hewa ya ukaa na vifuatilishi, yaani vitu vinavyotembea na maji kama kloridi yetu. Zote zinafungua kwenye laptopu ya kawaida. Modeli ya vipande mia tatu, yenye kisima kimoja cha kutoa na kimoja cha kurudisha, na kloridi ndani yake, mtu anaweza kuijenga kwa wiki moja hapa hapa Mwanza. Jengeni hiyo kwanza. Badilisheni nafasi tupu za mwamba kutoka asilimia 10 kuwa 2, mwone presha karibu haitikisiki na chumvi inawahi mara tano.

Kesho walioandika majina kwa mwalimu wenu tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, tunapita Magu na Bunda kuelekea Majimoto. Tutawaomba ruhusa wazee wa kijiji kabla hatujagusa maji. Kila mmoja aje na daftari la jalada gumu na kalamu ya wino usiofutika. Tukifika chemchemini hakuna atakayefungua chupa kabla hajaandika, kwa mpangilio huu: mahali, saa, joto la maji, joto la hewa, pH, na kimo kutoka usawa wa bahari.